Kopo la nusu lita

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, na nyie vijana mliojazana mlangoni ingieni bwana viti vipo huku mbele. Nimeombwa niongee kuhusu klabu yetu ya Lions, kazi za kujitolea tunazofanya hapa Dodoma na zile tunazoshirikiana na wenzetu wa nje, na mimi nikajibu sawa ila nitaongelea jicho tu, maana nikisema nigusie mpaka miti na madawati tutalala hapa.

Kwa kifupi sana tulipotokea. Klabu za Lions zilianza 1917 kule Chicago, na mwanzilishi wake Melvin Jones alikuwa mtu wa bima, alikuwa kwenye kikundi cha wafanyabiashara wanaokutana kula na kupeana kazi wao kwa wao, akawauliza jamani na huu mji wetu je? Halafu 1925 Helen Keller, yule mama ambaye hakuona wala kusikia tangu hajafikisha hata miaka miwili, akasimama kwenye mkutano wao mkuu kule Ohio akawaomba wawapiganie wasioona. Tangu hapo macho yakawa kazi yao, na 1990 wakaanzisha mpango wa SightFirst ambao hela zake ni michango ya wanachama, mtu wa nchi hii anachangia jicho la mtu wa nchi ile ambaye hawatakutana maisha yao yote. Mimi hilo jambo linanigusa sana, siwezi kuficha.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu kuna trakoma, wengi tunaita vikope. Ni bakteria, anahama kwa mikono, kwa kitambaa au khanga moja inayofuta watoto wote, na kwa nzi wale wanaofuata tongotongo na kamasi. Na nyie mnaijua Dodoma, mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo mama anaamka usiku kufuata maji, zizi liko pembeni ya nyumba, nzi ndo usiseme. Mtoto anaugua leo anapona, anaugua tena, anaugua tena, miaka na miaka, ngozi ya ndani ya kope inajikunja kwa makovu mpaka nywele za kope zinageukia ndani, na kila akipepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Wanawake ndo wanaoumia zaidi, wanaweza kupofuka hata mara nne ya wanaume, kwa sababu wao ndo wanaoshinda na watoto.

Kuna bibi mmoja nilimkuta upande wa Kongwa, simtaji jina. Alikuwa amevaa kamba shingoni, nikadhani ni hirizi. Nilivyosogea kumwamkia nikaona ni kibano, kibano cha chuma kimeshaisha rangi kwa kushikwa. Akaniambia mjukuu wangu, kila baada ya siku chache nang'oa haya manywele, yakirudi yanarudi makali kama miiba. Alikuwa anaongea kainamisha kichwa, khanga kaishusha mpaka usoni, jua hawezi kuliangalia. Upasuaji wa kope ni mdogo tu, ganzi pale pale na siku hiyo hiyo unarudi nyumbani, ila yeye aliogopa, aliambiwa ukipasuliwa ndo unapofuka kabisa. Tulienda kwake mara tatu. Mara ya tatu tulienda na jirani yake aliyeshafanyiwa, wakakaa wenyewe jikoni wakaongea kigogo chao, sisi tuko nje kwenye gari tunasubiri, akatoka na mfuko wake akasema twendeni.

Dawa ipo. Azithromycin, tangu 1998 kampuni ya dawa ya Pfizer wanaitoa bure kwa ajili ya trakoma na Tanzania tulikuwa kwenye nchi za mwanzo kabisa kuipata. Kazi ya mtu wa kujitolea siku ya dawa ni kushika ile fimbo ya kupimia, mtoto anasimama pembeni yake, urefu wake unakuambia dozi yake, wale wachanga chini ya miezi sita wanapewa mafuta ya tetrasaiklini ya macho. Unaandika, unampa, unahakikisha kameza mbele yako. Kazi haina picha nzuri ya kuposti lakini mtoto mmoja ukimruka, anabaki na ugonjwa na wenzake wanaupata tena kwake.

Ila dawa peke yake haitoshi, lazima uso uoshwe. Hapo watu wengi wanagoma, wanasema maji ya kunywa yenyewe shida, ya kuosha uso tunatoa wapi, na siwalaumu. Kuna utafiti ulifanyika hapo hapo Kongwa ukachapishwa 1995, ukaonyesha nyuso safi pamoja na dawa zinapunguza ile trakoma kali kwa watoto. Sisi tukaenda shule moja na kopo la nusu lita, tumelitoboa tundu dogo kwa msumari, mwalimu akashika, watoto wakapita mmoja mmoja. Tulifika mtoto wa kumi maji bado yamo! Wale kina mama waliokuwa wanaangalia wakaanza kuhesabu kwa sauti, na wiki iliyofuata tukakuta vibuyu chirizi viwili vya kunawia vimening'inizwa kwenye mti pale, wamefunga wenyewe.

Kuhusu wageni nisiwafiche. Wenzetu fulani wa nje walituletea maboksi ya miwani iliyotumika, kwa upendo kabisa, tukakaa wikiendi nzima tunachambua, nyingi ilikuwa na mikwaruzo au namba za ajabu ambazo huku hamna mtu wa kumfaa. Tukawaandikia, safari ijayo tutumieni hela tununue miwani mipya ya kusomea. Wakakubali, hawakununa. Kwa ile miwani mipya mama mmoja fundi cherehani alitunga uzi kwenye sindano mbele yetu, mara ya kwanza tu ukapita, akautoa akautunga tena.

Ghana walitangazwa 2018 kumaliza trakoma kama tatizo la afya ya jamii, Malawi jirani zetu hapo 2022. Sisi bado tuko njiani.

Jumamosi gari linaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, tunarudi kule kule tulikoenda mwezi uliopita, kuangalia waliopasuliwa na kuangalia kama vibuyu vina maji. Nafasi ziko sita. Njoo na kofia, maji yako ya kunywa, na kama unajua kigogo kaa mbele na dereva.