Tunu za Ukutani na Dodoso Lisilosema Kweli

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia tunu za kampuni, zile zinazobandikwa ukutani pale mapokezi, na dodoso, yaani orodha ya maswali ya kupima kama wafanyakazi wanaziona kazini. Kaka Baraka, wafanyakazi wanazionaje?

BARAKA: Inategemea umewauliza vipi, dada. Heshima, uadilifu, mawasiliano, ubora: hizo zilikuwa tunu za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika mwaka 2001 baada ya udanganyifu wake wa kihesabu kufichuka. Sasa mpe mfanyakazi swali la "Je, kampuni yetu inathamini uadilifu?" Ataweka 4 kati ya 5, arudi kwenye kazi yake. Umemuuliza habari za bango, hukumuuliza anachokiona.

ZUHURA: Kwa hiyo tuulize nini?

BARAKA: Uliza tukio, tena lenye muda. "Katika miezi 3 iliyopita, umeona kosa likifichwa ili bosi asijue?" Ndiyo, hapana, basi. Au: "Mtu wa mwisho kupandishwa cheo katika idara yako, unadhani alipandishwa kwa sababu gani?" Hilo ndilo nalipenda kuliko yote, maana watu husoma tunu halisi kwa kuangalia nani anapanda na nani anaachwa.

ZUHURA: Na tusifunge mambo mawili kwenye swali moja. "Msimamizi wangu ananisikiliza na kunitendea haki." Anayesikilizwa vizuri kisha akanyimwa likizo yake ajibu nini?

BARAKA: Ataweka 3. Halafu mtu wa rasilimali watu aandike kwenye ripoti kwamba wafanyakazi "wana mtazamo wa wastani".

ZUHURA: Haya, tuje kwenye siri, maana hapa ndipo dodoso nyingi hufia. Kampuni nyingi hujiwekea sharti kwamba kundi lenye majibu chini ya 5 matokeo yake hayaonyeshwi. Linatosha?

BARAKA: Peke yake halitoshi. Chukua idara ya watu 12, wote wamejibu: 9 wako mauzo, 3 stoo. Ripoti inaficha stoo, lakini inaonyesha wastani wa idara nzima, 3.8, na wa mauzo, 4.2. Mara 12 kwa 3.8 ni 45.6. Mara 9 kwa 4.2 ni 37.8. Toa, inabaki 7.8. Gawa kwa 3.

ZUHURA: 2.6! Stoo wameshaanikwa.

BARAKA: Kwa kikokotoo cha simu tu. Dawa yake, ukificha kundi dogo, ficha na jingine moja, au waunganishe stoo na idara nyingine tangu mwanzo.

ZUHURA: Maoni ya kuandika nayo vipi? Kila mtu ana msemo wake, na bosi anaujua.

BARAKA: Yasimfikie bosi yakiwa mabichi. Mtu wa nje ya idara ayasome, ayapange kwa mada, atoe majina na matukio yanayomtambulisha mtu. Jambo jingine: ukituma kiungo cha mtandaoni cha pekee kwa kila mfanyakazi, usitangaze kwamba hakuna anayejulikana. Mfumo unajua nani amejibu, ndiyo maana unawakumbusha wale tu ambao hawajajibu. Sema kweli: majina yapo, na taja nani anayaona.

ZUHURA: Mimi wastani wenyewe nautilia shaka. Watu 10 wakiweka 3, ni 3. Watano wakiweka 1 na watano 5, ni 3 pia, ingawa hiyo ya pili ni ofisi iliyogawanyika mapande mawili.

BARAKA: Basi onyesha mgawanyo, na wangapi hawakujibu kabisa. Wakijibu nusu tu, usikimbilie kuwaita wavivu. Huenda mwaka jana walijibu na hakuna aliyewarudia.

ZUHURA: Wanarudiwa lini?

BARAKA: Ndani ya wiki mbili, hata kama mipango haijakamilika. Matokeo yote, mabaya pia, mambo mawili yatakayofanyiwa kazi, nani anayasimamia na hadi lini. Na lile lisilowezekana, mfano mishahara, lisemwe wazi pamoja na sababu yake. Mkichagua mambo kumi hamtamaliza hata moja.

ZUHURA: Na wasio na barua pepe ya kazi? Walinzi, madereva, zamu ya usiku?

BARAKA: Karatasi na sanduku lenye kufuli, wajibu ndani ya saa za kazi. Ufunguo usikae kwa msimamizi wao.