Antonio, Mary na Ekari 44 za Angola

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za jioni. Nimeombwa nieleze jinsi ya kufuatilia nasaba ya watu walioishi Marekani enzi za ukoloni wa Waingereza. Kwa kuwa tumekutana hapa Maryland, nimechagua familia moja tu, ambayo wazazi wake walimalizia maisha yao ng'ambo ya Ghuba ya Chesapeake, katika kaunti ya Somerset. Wengi wenu mmepita huko mkielekea baharini.

Naanza na mistari miwili. Mwanzoni mwa 1625 serikali ya koloni la Virginia ilihesabu watu wake nyumba kwa nyumba, pamoja na bunduki zao, nafaka na mifugo. Katika shamba la mfanyabiashara Edward Bennett, karani aliandika kwamba yupo Antonio, Mweusi, aliyefika kwa merikebu James mwaka 1621. Akaandika pia kwamba yupo Mary, mwanamke Mweusi, aliyefika kwa merikebu Margaret and John mwaka 1622. Basi. Waingereza waliomo katika daftari hilo karibu wote wana majina mawili mawili. Hawa wawili hawana jina la baba wala jina la nchi.

Hata hivyo, jina Antonio si la Kiingereza. Ni jina la ubatizo la Kireno. Waafrika waliofikishwa Point Comfort, pwani ya Virginia, mwezi Agosti 1619 walikuwa wameporwa kutoka katika meli ya Wareno iliyotoka Luanda ikielekea Veracruz, Mexico, na wengi wao walikuwa mateka wa vita vya Wareno dhidi ya ufalme wa Ndongo, uliokuwa katika Angola ya leo. Kwa hiyo tukimkuta Antonio huko Virginia miaka miwili baadaye, macho yetu yanaelekea Angola. Naomba mlishike neno hilo, Angola, maana tutalikuta tena mwishoni, na safari hiyo halitatoka katika dhana yetu.

Sasa, kati ya mistari ile na habari inayofuata ya uhakika pana pengo kubwa. Mwaka 1651 mtu anayeitwa Anthony Johnson anapewa hati ya ekari 250 karibu na kijito cha Pungoteague, upande wa mashariki wa ghuba. Hati inasema amestahili kwa sababu ya watu watano, kwani desturi ya koloni ilikuwa kumpa ekari 50 yeyote aliyegharamia safari ya mtu mmoja kuja Virginia. Hapa watafutaji wengi huteleza. Huyachukua majina yale matano wakaandika kwamba hawa ndio watu wa nyumba yake. Lakini haki hizo ziliuzwa na kununuliwa kama hundi, na jina lililomo ndani ya hati linaweza kuwa la mtu ambaye mwenye shamba hakupata hata kumwona.

Je, huyu Anthony Johnson ni yule Antonio? Mtu atakwambia: bila shaka, Anthony na Antonio ni jina moja. Hiyo haitoshi. Kwetu pwani nikikwambia natafuta Salim bin Juma, utaniuliza: yupi? Wa mtaa gani? Mkewe nani? Kule nako ni hivyo hivyo, mtu huthibitishwa kwa mkewe, majirani zake, ardhi yake na hesabu ya miaka yake.

Na hesabu ya miaka ipo. Familia ya Johnson iliunguliwa na moto shambani, ikapata hasara kubwa, ikaenda mahakamani kuomba msaada. Mwezi Februari 1653 mahakama ya Northampton, kaunti yao huko Virginia, ilimsamehe Mary na binti zake wawili kodi ya kichwa kwa maisha yao yote. Msamaha huo si jambo dogo, kwani tangu 1643 sheria ya Virginia iliwatoza kodi wanawake wa Kiafrika na kuwaacha wanawake wa Kiingereza. Karani akaandika sababu: watu hawa wanajulikana kwa kazi ngumu na utumishi, nao wamekuwa wakaaji wa Virginia zaidi ya miaka thelathini. Piga hesabu kurudi nyuma. Unafika 1621 na 1622. Na katika koloni zima, ile hesabu ya 1625 ilitaja Waafrika 23 tu. Mume na mke waliokaa muda huo wote, mume Anthony, mke Mary. Hapo ndipo nyuzi mbili zinapofungwa pamoja, na moto ule ndio uliotupa fundo. Wasingeungua, wasingeomba. Wasingeomba, karani asingeandika miaka yao.

Mkiitafuta kesi hiyo ninyi wenyewe mtakuta mwaka 1652 badala ya 1653, msishtuke. Waingereza wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, basi Februari yao ilikuwa bado ya mwaka uliotangulia. Nimeona shajara za nasaba ambazo mtoto amezaliwa kabla ya ndoa kwa sababu tu mwandishi alichanganya kalenda. Daftari lenyewe lipo. Kumbukumbu za mahakama ya Northampton, zinazotunzwa katika mji wa Eastville, zimeendelea bila kukatika tangu 1632, na hakuna kaunti nyingine ya Marekani yenye mfululizo mrefu kama huo.

Nafika sasa pagumu. Anthony Johnson alikuwa na mtu chini yake aliyeitwa John Casor, Mwafrika. Casor alidai kwamba alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemzuia kupita muda wake. Jirani Mwingereza, Robert Parker, akamchukua Casor kwake. Familia ya Johnson ilimsihi mzee amwachilie, naye akakubali, kisha akageuka, akaenda mahakamani. Machi 1655 mahakama ikaamua Casor arudi kwa bwana wake. Alibaki katika utumwa maisha yake yote, akaenda na akina Johnson mpaka Maryland.

Nimewahi kuulizwa kama ni lazima kulitaja hili tunapowasimulia watoto. Jibu langu ni ndiyo. Nasaba zinazosomwa kwetu arusini hupanda kutoka baba hadi babu hadi mji wa asili, na wale waliochota maji ya nyumba hiyo hawamo. Watwana hawamo, wajakazi hawamo. Sitaki kufanya vivyo hivyo na Casor. Naye huenda ana wajukuu mahali fulani wanaomtafuta, au alipaswa kuwa nao, na pengine njia pekee ya kumpata ni karatasi za Johnson. Ukiiandika familia, waandike wote waliolala chini ya dari lile.

Katikati ya miaka ya 1660 wakauza sehemu kubwa ya ardhi, wakavuka mpaka kuingia Maryland. Huko Somerset Anthony alikodi ekari 300, shamba lililoitwa Tonies Vineyard. Akafariki kabla ya Agosti 1670, maana mwezi huo jopo la Wazungu walioapishwa huko Virginia lilikaa kujadili ardhi aliyoiacha, ekari 50 alizompa mwanawe Richard. Likaamua kwamba kwa kuwa Johnson alikuwa Mweusi, na kwa hiyo mgeni, ardhi ile ni ya Mfalme. Nusu karne ndani ya nchi, hati mkononi, kodi amelipa, kisha anaitwa mgeni akiwa kaburini. Nimeusoma mstari huo mara nyingi na bado haunipiti kooni.

Mary hakukaa kimya. Alijadili upya mkataba wa Tonies Vineyard akapata miaka 99. Mwaka 1672 akaandika wosia, akawagawia ng'ombe wajukuu zake, na humo mnaona jina Anthony likirudi, Richard likirudi. Desturi hiyo mnaijua bila kufundishwa: mjukuu hupewa jina la babu. Inapendeza, ila inamtesa mtafutaji, kwa sababu ghafla una John Johnson wawili na Richard wawili ndani ya kaunti moja, na ukikosea mmoja umehamisha tawi zima.

Na hapa naomba mumtazame Mary kwa makini zaidi kuliko mumewe. Mwaka 1662 Virginia ilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, mama huru, mtoto huru. Ni kinyume na tulivyozoea. Kwa sheria iliyofuatwa pwani kwetu, mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake alikuwa huru kama baba yake, na nasaba ikaenda kwa baba, bin fulani bin fulani. Ukiingia katika madaftari ya Virginia na tabia hiyo ya bin, utapotea. Kila mtoto, muulize mama yake ni nani. Kila mwana wa Johnson, mtafute mkewe, kwa sababu kwa mke huyo ndiko uhuru wa wajukuu ulikotegemea, na wake ndio makarani waliowaandika kwa uchache kuliko wote.

Nilisema tutalikuta tena lile neno. Mwaka 1677 mjukuu wa Anthony na Mary, John Johnson, alinunua ekari 44 hapo Somerset. Maryland ilikuwa na desturi ya kuyapa mashamba majina, na mwenye shamba ndiye aliyechagua. Baadhi ya Waingereza waliita mashamba yao kwa majina ya vijiji walikotoka. John, ambaye hakuwahi kuishi popote ila upande huu wa bahari, aliliita shamba lake Angola.

Hakulisoma jina hilo katika ile hesabu ya 1625, maana humo halimo. Aliambiwa, na mtu wa nyumbani. John alifariki 1706 bila mrithi, na kumbukumbu za shamba lake zinaishia hapo.