Projekta Si Pazia

Hili nimelisema Iringa, nikalisema Tunduma, na leo nalirudia hapa Mbeya: mkipata projekta, msiigeuze pazia. Kikundi kinachangishana hela, kinakodi mashine, halafu kinarusha ukutani picha ya Ziwa Nyasa, waigizaji wanasimama mbele yake kana kwamba haipo. Jamani, hapo sinema imefanya kazi gani?

Kwamba filamu icheze pamoja na mwigizaji, waliolijua jambo hili mapema ni watafsiri wa mabanda ya video. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Nenda Mwanjelwa enzi zile: filamu ya Hong Kong, stelingi anaongea lugha isiyoeleweka na yeyote bandani. Mtafsiri ameshika maiki, kidole kiko kwenye kitufe cha sauti. Adui akifungua mdomo, anaipunguza filamu na kumsemea kwa sauti nzito. Stelingi akijibu, sauti inabadilika. Akitaka, anaisimamisha kabisa, aeleze kwamba adui huyu ni ndugu wa yule dalali wa viazi anayeng'ang'ania lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, pale Uyole. Banda zima linalipuka. Filamu ni ileile, lakini onyesho la jana silo la leo. Hiyo ni sanaa ya jukwaani, na msiniambie ni uhuni wa vichochoroni! Lufufu alijijengea jina Dar es Salaam kwa kazi hiyohiyo.

Sasa watazameni The Wooster Group, kundi la maigizo la New York. Mwaka 1964, Hamlet, tamthilia ya Shakespeare aliyoiongoza mwigizaji Richard Burton kwa kucheza Hamlet mwenyewe, ilirekodiwa ikichezwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, ikapelekwa kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2007 kundi hilo likairusha filamu hiyo nyuma ya waigizaji, nao wakaiiga hatua kwa hatua. Kamera ikihamia upande mwingine, wanasukuma meza na kiti vilingane na picha. Unauona mwili ukihangaika kuifuata mashine. London nako, mwaka 2006, mwongozaji Katie Mitchell katika onyesho la Waves aliwakabidhi waigizaji wenyewe kamera: kwenye skrini uso umetulia, chini yake unamwona anayeshika taa na anayetengeneza sauti.

Mtaniuliza, "Mwalimu, vifaa tutavitoa wapi?" Simu mnazo mifukoni, shuka jeupe lipo nyumbani. Mwingine atasema watu watatazama skrini wamsahau mwigizaji. Basi aipiganie nafasi yake! Aikatize, aibishie, aizime mbele ya watu.

Nilitaka kugusia umeme na hakimiliki, muda umeniishia. Wanaoigiza Jumamosi wabaki na simu zao. Tuanze na lile onyesho la msibani.