Programu haiwaki? Tazama maktaba inazozitegemea

Habari zenu, karibuni. Leo tunatazama programu ya Linux inategemea maktaba gani za pamoja, yaani mafaili ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi. Kazi hii naipenda sana, maana dakika moja ya kutazama inakuokolea jioni nzima ya kubahatisha.

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Mimi niko kwenye Ubuntu 22.04. Andika ldd /usr/bin/ls, bonyeza Enta. ldd ni amri ya kuorodhesha maktaba, na ls ni programu tunayoitazama. Weka njia kamili. Ukiandika ldd ls tupu, inatafuta kwenye folda uliyomo na haioni kitu.

Subirini, maandishi ni madogo kwenye kamera. Nayakuza... haya, yanasomeka.

Kushoto jina la maktaba, baada ya mshale ni mahali ilipopatikana. libc.so.6, hiyo karibu kila programu inaitaka. Sasa tazameni hii libpcre2. ls yenyewe haikuiomba! Andika readelf -d /usr/bin/ls, amri inayosoma faili bila kuliendesha, kisha soma mistari ya NEEDED, yaani inazoziomba yenyewe: libselinux na libc, basi. libpcre2 imeletwa na libselinux. Mgeni kaja na mgeni wake. Utamu wa kazi hii uko hapo.

Faili usiloliamini litazame kwa readelf tu. Baadhi ya matoleo ya ldd yanaweza kuliendesha.

Haya, programu inayogoma. Hii ilijengwa kwa Ubuntu 20.04. ldd ./programu... mmeona? libssl.so.1.1 => not found. libssl ni maktaba ya OpenSSL, ya kulinda mawasiliano. Programu inataka toleo la 1.1, lakini Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSL 3, yaani libssl.so.3.

Hapa sikilizeni vizuri. Usichukue libssl.so.3 ukaitengenezea kiungo (symlink, jina jingine linaloelekeza kwenye faili lilelile) chenye jina libssl.so.1.1. Nilifanya hivyo kwenye seva ya mteja. Faili likaonekana lipo, programu ikagoma vilevile: version OPENSSL_1_1_0 not found. Jina ni lile, ndani ni kitu kingine. Narudia, usitengeneze kiungo hicho. Kama umeshakitengeneza, simamisha video, kifute kwanza.

Umekifuta? Sasa tafuta toleo la programu lililojengwa kwa 22.04. Ndilo ninalolipendelea, kwa sababu OpenSSL 1.1.1 iliacha kupata marekebisho ya bure Septemba 2023. Likikosekana kabisa, weka libssl.so.1.1 halisi na mwenzake libcrypto.so.1.1 kwenye folda ya peke yao, uielekeze programu hiyo moja tu kwa LD_LIBRARY_PATH, kigezo kinachotaja folda ya kutafutia maktaba. Usiziguse maktaba za mfumo.

Jaribu tena, kwenye terminali ileile: ldd ./programu | grep "not found". Enta... kimya. Zote zimepatikana. Iwashe.