Walicheka, Hawakupima

Asalaam aleikum, habari za jioni. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili: pima kwanza, ndipo ucheke. Leo nalisema tena, mpaka mlichoke ninyi kabla yangu.

Huwa naulizwa: umesoma fizikia chuo kikuu, iweje uishie redioni? Marehemu bibi yangu alikuwa hazungushi maneno: "Mjukuu wangu, umesoma yote hayo uje kupiga domo?" Naam, bibi. Na chanzo ni aiskrimu.

Mwaka 1963, shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto, mkoa wetu huuhuu wa Tanga, mwanafunzi Erasto Mpemba yuko kidato cha tatu. Wanafunzi wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unangoja yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi chache, inagombaniwa. Mpemba akaona akingoja atakosa, akatia yake ya moto vilevile. Mwenzake akaweka maziwa yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba imeganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu. Akajibiwa: umechanganya mambo, haiwezekani.

Sasa tulieni, maana hapa watu hupapita mbio. Likizoni akakutana na rafiki yake, muuza aiskrimu hapahapa Tanga mjini. Yule akamwambia, mbona mimi naweka ya moto, inaganda upesi! Naye alifundishwa na kaka yake. Mnaona? Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua! Nadharia hawakuwa nayo, wateja walikuwa nao.

Akaenda shule ya Mkwawa, Iringa. Siku ya kanuni ya Newton ya kupoa, ile ya kwamba kitu hupoa upesi kadiri kinavyozidi joto la mazingira yake, akauliza tena. Mwalimu: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likadaka. Akikosea hesabu, "hesabu ya Mpemba." Basi akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama, akauliza, wenzake wanamcheka. Osborne aliporudi akamwagiza fundi wa maabara apime kwa maji. Fundi akaleta jibu: maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila tutarudia mpaka tupate jibu sahihi! (Kicheko ukumbini.) Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha makala pamoja.

Namwona mtu pale anatikisa kichwa: mbona mwaka 2016 wanasayansi wa Uingereza walipima, hawakuona maji ya moto yakitangulia kufikia nyuzi sifuri? Kweli kabisa. Walipima! Mimi sina ugomvi na anayepima. Ugomvi wangu ni na anayecheka huku kipimajoto kiko kabatini.

Nilikuwa na mengine manne, naona mwenyekiti anaangalia saa. La lugha ya kuelezea sayansi nitalikimbiza: mvuvi wa Sahare, hapa Tanga, anajua bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kuliko mimi, msimweleze mwezi kana kwamba hajawahi kuuona. Mmoja alinipigia simu kipindini: kama mwezi ndio unaovuta maji, kwa nini yajae mara mbili kwa siku, isiwe mara moja ukiwa utosini? Swali hilo! Nikamjibu kwamba upande wa pili ni dunia yenyewe inayovutwa zaidi kuliko maji yaliyo mbali, yakabaki nyuma, yakatuna. Akanyamaza, akasema, "Hapo sijaridhika." Nikamrudia wiki iliyofuata nikiwa na chungwa na bakuli la maji.

Vifaa vya maabara, vitabu, tuyaache. Maswali. Wewe uliyecheka pale nyuma, anza.