Dada wa Afrika Kusini anayeimba bila maiki, na watoto wetu wa Tanga

Haya jamani, salamu zenu wote mlioko nyumbani, Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na nyie wa Pangani na Muheza pia nawaona kwenye komenti. Mie niko Vienna huku, leo sitembei mjini, nimekaa naongea na nyie tu, maana tangu niweke ile video ya jengo la opera, ule mchezo wa jukwaani ambao watu wanaimba badala ya kuongea, maswali hayaishi, na mengi yanarudi palepale, eti dada, kuimba vile mtu mweusi anaweza kweli, na ndo kazi ya kulisha mtu? Kuna mama mmoja kaniandikia inboksi, binti yake anaongoza kaswida, anasema akifungua mdomo watu wanaacha walichokuwa wanafanya, sasa anauliza mtoto wa hivi anafika wapi.

Mama yangu, nakujibu kwa maisha ya mtu. Anaitwa Pretty Yende.

Kazaliwa 1985, makaburu bado wanatawala, katika mji mdogo wa Piet Retief, kule Mpumalanga karibu na mpaka wa Eswatini. Nyumbani Kizulu, kanisani nyimbo za dini, bibi yake ndo anamfundisha. Opera haijui kabisa, yeye ndoto yake ni uhasibu. Ana miaka 16 yuko mbele ya tivii, likapita tangazo la British Airways, na kwenye lile tangazo kuna wanawake wawili wanaimba, sauti zinafukuzana, moja inapanda nyingine inaipokea, ni kipande cha opera ya Lakmé ya Mfaransa Delibes. Yule binti hakulala nalo, kesho yake shuleni akamfuata mwalimu, mwalimu, ile niliyosikia ni nini? Mwalimu akamwambia, ile inaitwa opera.

Hapa sitaki kupita haraka. Yule mwalimu angeweza kusema hayo mambo ya wazungu, kaa chini ufungue daftari. Wangapi kwetu wamejibiwa hivo? Mtoto kauliza, akajibiwa, na akapata kwa kuanzia. Sauti alikuwa nayo tangu zamani, kilichokuwa hakipo ni mtu wa kumwambia hiyo sauti ina shule yake. Mie hilo ndo linaniuma nikiwakumbuka watoto wa Tanga, kipaji kipo tele, wa kumjibu mtoto ndo hayupo.

Basi akaenda Chuo Kikuu cha Cape Town, akafundishwa na Virginia Davids, naye ni mwimbaji. Na kufundishwa kwenyewe sasa, jamani, msifikiri ni kupiga kelele. Pale ukumbini hakuna maiki, kuna okestra nzima imejaa chini ya jukwaa, na mtu mmoja anatakiwa asikike mpaka siti ya juu kabisa. Anawezaje? Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye sauti za chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, huko juu inapungua. Mwimbaji anafunzwa kulipanga koo na mdomo mpaka sauti yake inapata nguvu ya ziada kule kwenye mitetemo kama 3,000, ambako okestra imeshapungua na sikio la binadamu ndo kali, waimbaji wa kiume hasa ndo wanaitumia hiyo. Wanawake wa soprano, yaani ile sauti ya juu kabisa ya kike, kama Pretty, noti ikipanda sana wanafungua taya zaidi na zaidi ili mdomo uendane na noti, ndo maana ukiwasikiliza huko juu maneno huwa hayasikiki vizuri. Hayo yote yanachukua miaka, na pumzi juu yake, mbavu zibaki wazi wakati hewa inatoka kidogokidogo.

Mie naenda tiketi za kusimama, hapa Vienna zipo na bei yake ndogo, na kuna desturi yao nzuri, ukishapata nafasi unafunga skafu kwenye chuma mbele yako, basi hapo ni pako, unaweza kwenda hata msalani hakuna atakayeigusa. Mie nafunga leso yangu. Siku moja niko juu kabisa, yule mama jukwaani kageuka pembeni, kaimba kidogo tu, taratibu, kama anajisemea, na mie huku nikasikia mpaka ile "s" ya mwisho wa neno. Nilisisimka mwili mzima.

Tuendelee. Pretty hapahapa Vienna 2009 alishinda mashindano ya waimbaji wa opera yanayoitwa Belvedere, akachukua zawadi ya kwanza kila kipengele, haijawahi kutokea kabla yake. Akaingia chuo cha La Scala, jumba la opera la kule Milan, 2011 akashinda mashindano mengine, Operalia, yalifanyika Moscow. Halafu Januari 2013 wakamwita Metropolitan, jumba la opera la New York, mwimbaji aliyepangwa kajitoa, naye ana siku chache tu za kujifunza nafasi nzima ya Adèle kwenye Le Comte Ory ya Rossini, tena mwenzie jukwaani ni Juan Diego Flórez, mwimbaji mwenye jina kubwa, tena ni siku yake ya kwanza kwenye jukwaa lile. Kuingia tu, akajikwaa akaanguka mbele ya watu. Akainuka akaimba, na mwisho wakamshangilia mno, jina lake likatoka pale.

Machi 2021 ndo akaimba nafasi ya Violetta, mwanamke mkuu wa opera ya La traviata ya Verdi, kwenye jumba la opera la hapa, ukumbi mtupu kwa sababu ya korona, tukaangalia kwenye tivii. Mwongozaji Simon Stone kamfanya Violetta staa wa mitandao, nyuma yake skrini kubwa zimejaa mameseji na picha za simu. Nyie mnaonifuata mngemuelewa kuliko hata wazee wa hapa. Halafu 2023, Mei 6, Mfalme Charles anatawazwa, Pretty yuko Westminster Abbey na gauni lake la njano, Mwafrika wa kwanza kuimba peke yake kwenye kutawazwa kwa mfalme wa Uingereza.

Kazi yenyewe lakini ni ngumu. Mwimbaji anayealikwa huku na huku analipwa kwa onyesho, ukiugua mafua usiku ule hela huna, mwezi huu uko hoteli ya Paris, ujao Berlin, nyumbani unapasikia kwa simu.

Sasa Tanga yetu. Mji uliotoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, mji alioimba Bi Shakila, sauti kwetu si jambo geni, mtu akiimba vizuri tunanyanyuka kwenda kumtunza. Mama, binti yako usimwache ashindane na spika za maulidi kwa kukaza koo, akikauka sauti apumzike, asilazimishwe. Atafutiwe wa kumfundisha kusoma noti, na kinanda hata kidogo. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, nenda naye ukaulize mwenyewe, umri gani wanapokea, ada kiasi gani. Si lazima aimbe opera, aimbe anachokipenda, ila afundishwe. Na mtu akikufuata WhatsApp anasema ana skolashipu ya muziki Ulaya, tuma hela ya fomu kwanza, usitume, niandikie mie nimwangalie.

Video ijayo nitakuwa nje ya jengo lile, pale Karajan-Platz, kuna siku wanarusha onyesho bure kwenye skrini ukutani na watu wanakaa kuangalia. Niandikieni mnataka niwaulize nini hao watu.