Kreta za Mwezi kwenye beseni, na jiwe letu la Rungwe

Habari zenu wapendwa, karibuni darasani kwangu hapa Tukuyu. Sweta mtanisamehe, ukungu bado umelala dirishani.

Leo tunatengeneza kreta, yale mashimo ambayo vimondo vimechimba juu ya Mwezi; gololi ndiyo kimondo chetu. Haya, beseni. Sembe kina cha sentimita tano, tikisa ilale sawa. Juu chekecha mkaa uliotwangwa mpaka weupe usionekane. Usishindilie! Halafu gololi ya chuma, ile ya kwenye beringi, fundi pikipiki yeyote atakupa bure. Ya kioo sitaki hata kuiona.

Unaiachia tu, huirushi. Puu! Sogeza simu karibu, mwanangu. Mnaona unga wa chini ulivyoruka ukachora miale meupe juu ya mkaa? Sasa mkono nyuma. Kidole kisiingie humo! Mwaka jana nilichokonoa gololi ya kioo kwa vidole, ukingo ukaporomoka, miale ikafutika, darasa zima likaniangalia kimya. Kwa hiyo sumaku, hii nimeitoa kwenye spika mbovu. Ishushe polepole juu ya shimo, gololi itairukia yenyewe. Polepole... polepo... Aa! Imegusa ukingo. Si mnaona? Chekecha upya, tunarudia. Kidole, hapana.

Hiyo, imetoka safi.

Wakati vumbi linatulia, shikeni hili jiwe. Ni basalti, yaani lava iliyoganda, nimeliokota njia ya kwenda mlima Rungwe. Nje lina ganda la kahawia, mvua na hewa vimelila. Lifunike kwa gunia, vaa miwani, gonga. Tazama ndani: jeusi tii, na vitundu vya gesi kama andazi. Yale mabaka meusi ya Mwezi nayo ni basalti. Safari sita za Apollo, 1969 hadi 1972, zilileta mawe na udongo wa Mwezi kilo 382, na basalti za kule hazina ganda hili la kahawia. Kule mvua hakuna, hewa ya kuyala mawe hakuna.

Kuna mwanafunzi aliniuliza kama Ziwa Ngosi nalo lilichimbwa na kimondo. Swali zuri, lakini hapana, lile ni shimo la volkano.

Sasa panda kwenye kiti, achia gololi ileile kutoka juu zaidi. Pima upana kwa rula kabla ya kuleta sumaku, maana mkono ukiteleza huna tena cha kupima. Na huo unga usirudi jikoni. Mimi nyumbani chekeche sikabidhiwi tena.